Fuvu la Kalenga na madai mawili yaliyofungwa kamba moja

Mpwa wangu anaendesha gari la watalii kutoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kilomita kama 15 kutoka mjini, barabara hiyo inapita Kalenga, yalipokuwa makao ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mpaka Wajerumani walipoyateka mwaka 1894. Wageni wengi husimama pale kuingia makumbusho, ambamo ndani ya kioo limehifadhiwa fuvu linalosemwa ni lake.

Kiangazi kilichopita alikodiwa kuwabeba wanafunzi wa kidato cha tatu waliotoka Mbeya kwa ziara ya somo la historia. Walipomaliza kuzungushwa na kurudi garini, akawaambia: fuvu mliloonyeshwa si la Mkwawa, na Mkwawa mwenyewe hakufa Mlambalasi, alivuka mto akafa mzee, mliyosoma ni hadithi ya mkoloni.

Mwalimu wao niliwahi kumfundisha. Alinipigia simu usiku uleule. Hakupiga kulalamika, alikuwa na shida ya kazi. Basi zima lilikuwa limebishana kutoka Kalenga mpaka Uyole, na mtoto mmoja alikuwa ameuliza kama vita ya Lugalo, ambako Wahehe waliwashinda Wajerumani, nayo ilitokea kweli. Swali hilo la Lugalo lilininyima usingizi. Mtoto aliambiwa mambo mawili juu ya kifo cha mtu, naye akaondoka akiwa hana hakika hata na ushindi wa mwaka 1891.

Niseme mapema kwamba mimi si adui wa shaka. Nimefundisha historia miaka mingi, na nilianza kazi wakati bado kuna vitabu mashuleni vilivyosema Rebmann aliugundua mlima Kilimanjaro mwaka 1848, kana kwamba Wachaga walikuwa wakilima miteremko yake wamefumba macho. Historia iliyokubalika imesahihishwa mara nyingi, na mara nyingi waliosahihisha walianza kwa kuitwa wabishi. Kwa hiyo mpwa wangu alipokuja Jumapili, sikumwita kumkaripia. Nilimpa daftari.

"Mjomba, mimi sikudanganya mtu," alianza hata kabla ya chai. "Kuna video nimeiona, ina nyaraka kabisa. Na bibi mzaa baba alikuwa anasema hivyohivyo. Lisemwalo lipo."

Nikamwambia aandike dai moja kwenye ukurasa wake, dai la pili kwenye ukurasa mwingine. Alishangaa. Kwake lilikuwa jambo moja: fuvu si lake kwa sababu hakufa pale, na hakufa pale kwa sababu fuvu si lake. Nikamwomba tuyatenganishe tu kwa siku hiyo, tuone kila moja linasimama kwa miguu yake au limeegemea mwenzake.

Tulianza na fuvu. Kifo cha Mkwawa kinawekwa tarehe 19 Julai 1898. Baada ya Kalenga kuanguka tarehe 30 Oktoba 1894, alipigana vita ya kuvizia kwa karibu miaka minne, na Wajerumani wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Mwishoni, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Merkl kilimfikia Mlambalasi kikamkuta amekwisha kujipiga risasi. Kichwa kikakatwa kikapelekwa Iringa kwa Tom von Prince, afisa wa Kijerumani, yule aliyeitwa Bwana Sakarani. Mwili ukazikwa bila kichwa.

Kuanzia hapo habari za kichwa zinaingia gizani kwa miaka ishirini. Mwezi Novemba 1918, Horace Byatt, Mwingereza aliyekuwa akitawala eneo lililotekwa, alipendekeza serikali yake ilidai fuvu. Alitaka kuwatuza Wahehe kwa kuwasaidia Waingereza vitani, na alitaka ishara ambayo kila mtu angeielewa kwamba Mjerumani hana nguvu tena. Ndivyo jina la Mkwawa lilivyoingia katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kando ya msahafu wa Khalifa Othman ambao Ujerumani ilitakiwa kuurudisha kwa mfalme wa Hijazi. Kifungu kinamwita Sultani Mkwawa. Kinaitaka Ujerumani ikabidhi fuvu lake ndani ya miezi sita.

Hapa mpwa wangu aligonga meza kwa furaha, kwa sababu jambo linalofuata lilikuwemo kwenye video yake, na ni kweli tupu. Wajerumani walijibu kwamba fuvu hilo halikupelekwa kwao. Waingereza nao wakafikia kusema kwamba haijulikani lilipo. Mkataba uliotiwa saini na mataifa makubwa ya dunia ulitaja kama jambo lililothibitika kwamba fuvu lilichukuliwa na kupelekwa Ujerumani, na waliodai walishindwa kuonyesha lilipo. Ukiniuliza, hiki ndicho kipande cha kisa ambacho kila mwanafunzi wa Iringa angepaswa kukisoma, kwa sababu kinaonyesha jinsi jambo linavyoweza kuingia kwenye maandishi ya heshima kabla halijathibitishwa.

Suala lilifufuliwa baada ya Vita ya Pili ya Dunia na gavana wa Tanganyika, Edward Twining. Mwaka 1953 alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, yaliyokuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Twining aliyachuja kwa kipimo cha umbo: unachukua upana wa fuvu, unaugawa kwa urefu wake, unazidisha mara mia. Vipimo vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai ndivyo vilivyotumika kulinganisha. Machache yakakaribiana navyo. Miongoni mwa hayo machache, moja tu lilikuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo lililochaguliwa, na tarehe 19 Juni 1954 Twining akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Nikamwuliza mpwa wangu swali ambalo video haikuuliza. Tuseme mbuzi wako amepotea Kalenga. Unakwenda Mafinga kwenye zizi la mtu lenye mbuzi 84. Unatafuta wenye madoa kama ya wako, unapata watano. Katika hao watano mmoja anachechemea, na wako alikuwa anachechemea. Umempata?

Akafikiri. "Inategemea kama wangu alifika Mafinga."

Ndiyo. Zizi lolote lenye mbuzi 84 litakuwa na mmoja anayefanana na wako kuliko wengine wote, hata kama wako aliliwa na fisi siku aliyopotea. Kipimo cha namna hiyo hakina uwezo wa kusema "hayumo". Kinachagua tu, na kikiisha kuchagua kinaonekana kimethibitisha. Uwiano wa upana na urefu wa kichwa hauna jina la mtu, maelfu ya watu wanalingana. Tundu la risasi lina uzito zaidi, lakini mafuvu yaliyofika Ujerumani kutoka kwetu yalitoka katika nchi ya vita na minyongo, na risasi haikumpata Mkwawa peke yake. Kiungo kilichohitajika ni kumbukumbu ya njia: nani alilitoa Iringa, likapita bandari gani, likapokewa na nani, lini. Uchaguzi wa Bremen ulisimama juu ya umbo na tundu.

Ongeza na wakati wenyewe. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952, Mau Mau wako msituni, na gavana wa koloni la jirani anatafuta kwa bidii kitu cha kuwapa Wahehe, watu wenye sifa ya vita. Siamini hata kidogo kwamba Twining alifika Bremen akiwa tayari kurudi mikono mitupu.

Basi ukurasa wa kwanza nikamwandikia kwa mkono wangu: shaka hii ni halali. Anayesema "hatuna uthibitisho kwamba fuvu la Kalenga ni la Mkwawa" amesema jambo linaloweza kutetewa mbele ya mwanahistoria yeyote. Alitabasamu mpaka nikaona jino la mwisho. Nikamwomba aone kwamba hapo hapakuandikwa "si la Mkwawa". Kukosa uthibitisho kwamba ni lake hakujawa uthibitisho kwamba si lake. Hilo alilikubali kwa shingo upande, na nadhani mpaka leo linamkera kidogo.

Ukurasa wa pili ulituchukua mpaka jioni.

Hoja yake kubwa ilikuwa ile zawadi. Rupia 5,000 zilikuwa mali nyingi mno, alisema, na penye mali namna ile mtu ataleta kichwa chochote. Ni hoja nzuri. Naikubali kama sababu ya kuchunguza. Ila nilimwambia kitu ambacho nimekirudia darasani mpaka sauti ikakauka: sababu ya kudanganya haijawa uongo. Jirani yako mwenye njaa ana sababu ya kuiba kuku wako, lakini humpeleki kwa balozi mpaka manyoya yaonekane. Na ukianza kuhukumu kwa sababu peke yake, hutabakiwa na shahidi. Merkl alikuwa na sababu, Prince alikuwa na sababu, Twining alikuwa nayo, familia ilikuwa na sababu ya kulipokea fuvu na kumaliza msiba wa miaka 56. Na mwenye video yake anayo pia, maana anayelipwa kwa idadi ya watazamaji naye ametangaziwa zawadi.

Kisha tukatazama ushahidi wenyewe. Taarifa ya Wajerumani inasema walimkuta amekwisha kujiua. Afisa anayetaka sifa angeandika amemwua Mkwawa kwa mkono wake. Huyu aliandika kwamba adui alimtangulia. Mtu anaposema jambo linalompunguzia sifa, neno lake linapata uzito. Upande wa pili, simulizi za Wahehe zinasema lilelile, kwamba alijipiga risasi asikamatwe. Hawa ni maadui wawili ambao hawakukaa pamoja kupanga maneno. Kwa Mjerumani kilikuwa kichwa kilichokosa mwuaji, kwa Mhehe ni heshima ya mtawala aliyekataa kamba ya Mzungu. Wanatofautiana kuhusu maana yake, wanakubaliana kuhusu kilichotokea.

Halafu kuna kimya chake mwenyewe. Tuseme alivuka mto. Mwaka 1905 Maji Maji inalipuka kusini na mashariki mwa Uhehe, Wajerumani wanahangaika kuliko wakati wowote tangu Lugalo. Mkwawa, aliyezaliwa miaka ya hamsini ya karne ile, angekuwa mtu wa miaka hamsini hivi, nguvu bado zipo. Wahehe hawakujiunga na vita hiyo, na baadhi yao walipigana upande wa Mjerumani. Je, mtu aliyelala maporini miaka minne asikamatwe angetazama hayo akiwa hai, asitume hata neno? Mwezi Agosti 1916 Waingereza wanaingia Iringa na Mjerumani anakimbia. Njia imefunguka, hakuja. Mwaka 1926 Waingereza wanamrudisha mwanawe, Sapi, katika uchifu. Hata kama alikuwa mzee wa fimbo, hapo hakukuwa na wa kumwogopa tena. Historia ilimfungulia milango mitatu na hakupita hata mmoja.

Mpwa wangu alinyamaza kwenye mlango wa 1905. Alikuwa hajawahi kuziweka Maji Maji na Mkwawa kwenye mstari mmoja wa miaka. Video yake ilikuwa imemchukua Mkwawa kutoka Mlambalasi na kumweka nje ya wakati, mahali ambapo hakuna kinachotokea.

Lakini alibaki na bibi yake, na hapo sikutaka kumshinda. Mtu akikuambia bibi yangu alisema, ukimjibu bibi yako alikosea umemaliza mazungumzo, na mara nyingi umekosea wewe. Nilimwuliza bibi alisemaje, neno kwa neno. Alisema: Wazungu walimtafuta huku, wakaambiwa yuko kule, wakaenda kule, wakaambiwa amevuka, wakavuka, hawakumkuta. Na bibi alikuwa ameyapokea kwa mama yake.

Sikiliza tena maneno hayo. Hayasemi alikufa lini wala wapi. Ni maelezo ya miaka ya 1894 mpaka 1898, wakati nchi nzima ilipomficha na Wajerumani wakatumwa huku na huko kwa maneno ya uongo yaliyosemwa kwa makusudi. "Amevuka" ilikuwa silaha. Wanawake wa vijiji vile walipigana vita hiyo kwa ulimi, na mmoja wao, kwa ninavyolielewa mimi, ni huyo mama aliyemsimulia bibi. Simulizi ni ya kweli. Kilichotokea ni kwamba vizazi viwili baadaye mtu mwingine ameisogeza mbele ya siku ya kifo na kuigeuza habari ya mtu ambaye hakufa. Tukiisoma hivyo, bibi anabaki shahidi mzuri kuliko video inavyomfanya, kwa sababu anatuambia jambo ambalo aliyekuwa anafukuza hakuweza kuliandika: jinsi alivyodanganywa.

Wiki iliyofuata tulikwenda Mlambalasi, kilomita kama 50 kutoka mjini kwa barabara ileile ya Ruaha. Kuna majabali na pango ambalo watu waliishi maelfu ya miaka kabla ya utawala wowote wa Kihehe, na karibu yake liko kaburi. Mpwa wangu ameipita njia ya kwenda huko mara mia akiwa na wageni waliokuwa na haraka ya kuona tembo, hajawahi kukunja kona. Alisimama kaburini kofia mkononi. Nilipotaka kusema kitu akanizuia kwa kidole. Tukakaa hivyo.

Njiani kurudi ndipo aliposema jambo ambalo mimi, na miaka yangu yote ya chaki, sikuwa nimelifikisha mwisho.

"Mjomba, kama lile si la Mkwawa, basi ni la nani?"

Katika kubishana kwetu kote fuvu lile lilikuwa hoja. Ama ni la Mkwawa na lina thamani, ama si lake na ni udanganyifu. Lakini lina tundu la risasi. Kama siye Mtwa, ni mtu mwingine wa nchi hii aliyepigwa risasi kichwani, akakatwa kichwa, akasafirishwa, akapewa namba, akapimwa upana kwa urefu, kisha akaletwa Kalenga kulala chini ya jina lisilo lake, huku kwao hawajui mpaka leo alikoishia. Na wale 83 wengine wa Bremen nao walikuwa na mama zao. Huko Songea, familia ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa Februari 1906, bado inauliza kichwa chake kiko wapi, na mwaka 2023 rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja kwenye makumbusho ya Maji Maji akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta. Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa Moshi aliyenyongwa mwaka 1900, naye anatafutwa hivyohivyo.

Kwa hiyo nilimweleza kuhusu vinasaba. Mwaka huohuo wa 2023 watafiti wa Berlin, waliokuwa wamechunguza zaidi ya mafuvu 1,000 yaliyotoka Afrika Mashariki, walitangaza kwamba vinasaba vimeyaunganisha matatu na ndugu walio hai hapa Tanzania. Huo ndio utofauti wa madai yake mawili. Swali la kwanza linaweza kujibiwa: ukoo upo, fuvu lipo, kipimo kipo. Kama lipimwe au lisipimwe ni la familia na wazee wa Kalenga, si la dereva wala la mwalimu mstaafu. Swali la pili halina mahali pa kulipima. Kila ukileta ushahidi wa kifo unaambiwa umetengenezwa, na kila ukosefu wa ushahidi wa uhai unaambiwa umefichwa. Dai linaloshiba kwa kila chakula, hata kwa njaa, halitafuti ukweli.

Tulimpigia mwalimu wa Mbeya pamoja, simu ikiwa mezani. Mpwa wangu aliomba azungumze na darasa, akapewa dakika kumi. Aliwaambia kwamba alichosema kuhusu fuvu alikisema vibaya, akakieleza upya kwa mfano wa mbuzi, na kwamba alichosema kuhusu kifo anakirudisha. Kuhusu Lugalo aliwaambia Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yule Wahehe walimwita Nyundo, alianguka pale Agosti 1891, na kwamba Wajerumani walioshindwa ndio walioandika kwamba walishindwa. Mtoto mmoja akauliza kama sasa waandike kwenye mtihani kwamba fuvu ni la Mkwawa au si lake. Mwalimu alijibu yeye: andikeni lilivyochaguliwa.

Bado anasimama Kalenga na wageni. Wiki mbili zilizopita alinitumia picha ya daftari lile. Ukurasa wa pili ameuchora mstari kutoka kona hadi kona. Wa kwanza haukuguswa. Wa tatu ameanza kuandika majina ya watu wa nyanda zetu ambao familia zao zinasema vichwa vyao vilichukuliwa, anayakusanya kwa wazee anaowabeba bure kwenye siti ya mbele akirudi bila wageni, na ameniomba nimwonyeshe jinsi ya kuandika tarehe na jina la aliyesimulia kando ya kila moja.